Ufanisi wa Amplifaya za Nguvu za Maikrowevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu amplifaya za hatua ya mwisho, yaani zile zinazosukuma nguvu kwenye antena, katika masafa ya kati ya gigahezi 1 na 6. Mfano nitakaourejea mara nyingi ni ule wa mnara wa simu. Msomaji anachukuliwa kuwa anaijua transista na ameshawahi kulehemu bodi yake mwenyewe. Hesabu zote zimewekwa wazi ili kila mtu aweze kuzirudia kwa kalkuleta.

Ufanisi unapimwaje, na kwa nini watu wawili hutaja namba tofauti kwa amplifaya ileile?

Kipimo cha kwanza ni ufanisi wa dreni, ambao ni nguvu ya redio inayotoka ikigawanywa kwa nguvu ya umeme wa DC inayoingia. Kipimo cha pili ni ufanisi wa nguvu iliyoongezwa, ambao kwanza huondoa nguvu ya redio iliyoingizwa kwenye geti, kisha hugawanya kinachobaki kwa umeme uleule wa DC. Tofauti yao hutokana na ukuzaji. Amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 10 itaonyesha katika kipimo cha pili tisa ya kumi ya ufanisi wake wa dreni, na yenye desibeli 6 itaonyesha robo tatu tu. Anayetaka kuuza hutaja kipimo cha kwanza. Wewe uliza cha pili, na uulize pia kama kimechukuliwa kwenye nguvu ya kilele au kwenye nguvu ya wastani, kwa kuwa swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, nami nitalirudia huko mbele.

Kwa nini nihangaike na asilimia chache? Si ni joto tu?

Ni joto, na joto ndilo gharama. Chukua amplifaya inayotoa wati 40 za wastani. Ufanisi ukiwa asilimia 30, itavuta wati 133 na kugeuza wati 93 kuwa joto. Ufanisi ukipanda hadi asilimia 45, itavuta wati 89 na kugeuza 49. Nguvu inayofika kwenye antena haijabadilika hata kidogo, lakini joto limepungua karibu nusu. Kama ukinzani wa joto kutoka chaneli ya transista hadi kwenye kifuko chake ni nyuzi 1.5 kwa kila wati, basi chaneli iliyokuwa na joto la nyuzi 140 juu ya lile la kifuko sasa imebaki na nyuzi 73 tu juu yake, na uhai wa transista hutegemea nyuzi hizo.

Zidisha hayo kwa sekta tatu za mnara, kisha kwa bendi mbili au tatu katika kila sekta. Mnara ulio mbali na gridi, kama ilivyo minara mingi ya vijijini nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, huendeshwa kwa dizeli, betri na paneli za jua, na kila wati inayookolewa kwenye amplifaya huokoa pia sehemu ya umeme wa feni au kiyoyozi kilichokuwa kikiondoa joto lake. Anayepandisha madumu ya dizeli mlimani wakati wa masika analielewa jambo hili bila kuhitaji mlinganyo.

Madaraja A, AB, B na C yanatofautianaje, na nianze na lipi?

Tofauti ni muda ambao transista inaruhusiwa kupitisha mkondo katika kila mzunguko wa wimbi. Daraja A hupitisha muda wote, na hata katika hesabu safi halivuki asilimia 50. Daraja B hupitisha nusu ya mzunguko, na kikomo chake ni π/4, yaani asilimia 78.5. Daraja AB liko katikati yao. Daraja C hupitisha chini ya nusu, na kwenye karatasi ufanisi wake huikaribia asilimia 100, ila kadiri unavyoikaribia ndivyo nguvu inayotoka inavyoikaribia sifuri. Ni sawa na kusifia duka kwamba halina hasara ilhali halifunguliwi.

Katika maikrowevu kuna bei nyingine ambayo vitabu vya masafa ya chini havina haja ya kuisisitiza. Ili kufikia mkondo uleule wa kilele, daraja B huhitaji volteji ya geti mara mbili ya ile ya daraja A, kwa hiyo ukuzaji hushuka kwa desibeli 6. Transista yenye ukuzaji wa desibeli 18 haitaumia sana. Yenye desibeli 10 itabaki na 4, na hapo ufanisi wa nguvu iliyoongezwa utakuwa asilimia 60 tu ya ufanisi wa dreni. Ndiyo maana wengi wetu huanza na daraja AB lenye mkondo mdogo wa kutulia, yaani ule unaopita bila wimbi lolote kuingia, kisha tunasogeza bayasi, yaani volteji ya DC ya geti, taratibu huku tukiangalia ukuzaji na ufanisi kwa pamoja.

Hesabu inasema asilimia 78.5. Mbona kwenye benchi napata 55?

Kwa sababu kila hatua kati ya chanzo cha umeme na kiunganishi cha antena inachukua chake. Njia bora niijuayo ni kuandika daftari la wati, mstari kwa mstari, hadi upotevu wote uwe umepata mwenyewe. Tuchukue transista ya wati 10 inayotumia volti 28.

Mstari wa kwanza ni volteji ya goti, yaani ile ambayo chini yake transista haiwezi tena kupitisha mkondo wake kamili. Ikiwa ni volti 4, wimbi la volteji linaweza kushuka kutoka 28 hadi 4 na si hadi sifuri, hivyo ufanisi unazidishwa kwa 24/28 na kuwa asilimia 67.3. Tayari pointi kumi na moja zimekwenda, na hakuna aliyekosea. Mstari wa pili ni saketi ya kulinganisha impidansi upande wa kutokea. Upotevu wa desibeli 0.4 unasikika mdogo, lakini ni asilimia 9 ya nguvu yote, na unatushusha hadi 61.4. Mstari wa tatu ni ukuzaji: kwa desibeli 12, nguvu iliyoingia inakula asilimia 6 nyingine, na ufanisi wa nguvu iliyoongezwa unakuwa 57.5. Bado hatujahesabu mkondo wa kutulia wa daraja AB wala hamoniki (nitazieleza kwenye daraja F) zilizofungiwa vibaya. Kwa hiyo mwenye 55 hana sababu ya kuona haya. Ana sababu ya kujua mstari upi katika daftari lake unaweza kusogezwa.

Mstari wa pili ndio unaosogezeka kwa gharama ndogo zaidi, na ndio unaopuuzwa zaidi. Mzigo unaohitajika na transista hukadiriwa kwa kuchukua volteji inayopatikana, kuipiga kipeo cha pili, kisha kuigawanya kwa nguvu mara mbili. Kwa wati 10 zetu ni 24 × 24 ÷ 20, yaani omu 28.8, namba rafiki. Kwa wati 100 kwenye volti hizohizo 28 ni omu 2.9, na kuivuta omu 50 ya antena hadi hapo kunahitaji mikondo mikubwa kwenye njia za shaba na kwenye kapasita. Wati 100 kwenye omu 50 ni mkondo wa ampea 1.4, kwenye omu 3 ni karibu ampea 5.8. Kapasita yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.3 itapoteza wati 0.6 ikikaa karibu na kiunganishi, na wati 10 ikikaa karibu na dreni. Ni kapasita ileile, kutoka kwenye rili ileile.

Niliwahi kukaa siku mbili nikitafuta pointi tano za ufanisi zilizopotea, nikibadilisha bayasi, nikibadilisha urefu wa stabu, yaani kipande cha njia kinachotoka kando kama tawi, nikilalamikia modeli ya transista. Jioni ya siku ya pili nilizima taa nipumzishe macho, na kwenye skrini ya kamera ya joto nikaona doa moja jeupe lenye ukubwa wa punje ya mchele: kapasita ya kuzuia DC, ya aina ya kawaida, niliyoiweka kwa muda kwa kuwa ile ya masafa ya juu ilikuwa haijafika. Nilikuwa nimesahau kwamba ni ya muda.

Bodi ya kawaida ya FR4 inafaa?

Kwa upande wa geti na kwa majaribio ya wati chache katika gigahezi 1, inavumilika. Kwa upande wa dreni, hapana. Upotevu wa FR4 ni mkubwa takriban mara tano kuliko ule wa bodi za maikrowevu kama RO4350B, na thamani zake hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine, kiasi kwamba stabu iliyokatwa vizuri leo itakuwa ndefu au fupi kwenye bodi za mwezi ujao.

Daraja F, E na J ni nini, na yanaongezaje ufanisi?

Joto ndani ya transista huzaliwa pale volteji na mkondo vinapokuwepo kwa wakati mmoja. Ukiweza kupanga mawimbi hayo mawili yapishane, moja liwe juu wakati jingine liko chini, joto hupungua, na kifaa cha kupangia ni hamoniki, yaani masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa ya kazi.

Daraja F huipa hamoniki ya pili njia fupi ya kwenda ardhini na huifungia ya tatu, ili wimbi la volteji lisukumwe kuelekea umbo la mraba. Kwa kudhibiti hamoniki ya tatu tu juu ya daraja B, kikomo cha hesabu hupanda kutoka asilimia 78.5 hadi 90.7. Daraja E, lililoelezwa na Nathan Sokal na Alan Sokal mwaka 1975, huichukulia transista kama swichi na kuhakikisha kwamba volteji imeshashuka hadi sifuri kabla swichi haijafungwa. Kwa nadharia ni asilimia 100, lakini volteji ya kilele hufika mara 3.56 ya ile ya chanzo. Kwa volti 28 hiyo ni karibu volti 100, na transista ya LDMOS (aina ya silikoni ya nguvu za redio) ya volti 28, ambayo kikomo chake kwa kawaida ni karibu volti 65, haitaishi. Daraja J, ambalo linahusishwa zaidi na kazi za Steve Cripps, hubaki na asilimia 78.5 zilezile za daraja B, ila huruhusu hamoniki ya pili imalizwe kwa kapasita badala ya njia fupi kamili, na hivyo hufanya kazi katika upana mkubwa zaidi wa masafa. Volteji yake ya kilele ni karibu mara 2.9.

Sasa kuna jambo ambalo huwakwaza wengi. Masharti haya ya hamoniki yanatakiwa kwenye chanzo cha mkondo ndani ya transista, si kwenye mguu wa kifuko unaoushika kwa risasi ya kulehemu. Kati ya hapo na hapo kuna kapasita ya dreni na indakta ya nyaya za kuunganishia. Kapasita ya pikofaradi 5 ina riaktansi ya omu 16 katika gigahezi 2, omu 8 katika gigahezi 4, na omu 5 tu katika gigahezi 6. Yaani katika hamoniki ya tatu, unayotaka kuifungia, transista yenyewe imeshaiwekea njia ya kutorokea. Inawezekana kuifuta kapasita hiyo kwa saketi ya nje, lakini kadiri transista inavyokuwa kubwa na masafa yanavyopanda ndivyo faida ya hamoniki ya tatu inavyokuwa ndogo kuliko upotevu wa saketi iliyojengwa kuifuata. Ushauri wangu kwa kazi za gigahezi 3.5 ni kuishughulikia hamoniki ya pili kwa uangalifu mkubwa, pamoja na ile ya upande wa geti, na kuiacha ya tatu isipokuwa uwe na siku za ziada.

Nikinunua transista ya galiamu naitraidi, si tatizo limekwisha?

Litapungua. Galiamu naitraidi, ambayo mafundi huiita GaN, ina pengo la nishati la elektronivolti 3.4 dhidi ya 1.1 ya silikoni, na hustahimili uga wa umeme ulio karibu mara kumi. Kwa sababu hiyo transista yake inaweza kuwa ndogo kwa nguvu ileile, yenye kapasita ndogo, na kuendeshwa kwa volti 28 au 50. Rudi kwenye hesabu ya wati 100: kwa volti 50 na goti la volti 5, mzigo ni omu 10 badala ya 2.9, na karibu kila mstari wa daftari unapata nafuu. Mara nyingi hukuzwa juu ya silikoni kabaidi, ambayo hupitisha joto vizuri kuliko silikoni ya kawaida.

Lakini ina tabia zake. Elektroni hunaswa kwenye mitego ndani ya fuwele baada ya volteji ya juu kupita, na mkondo huchelewa kurudi katika hali yake, hivyo ufanisi unaoupima kwa wimbi tulivu unaweza usionekane kwa wimbi la simu linalopanda na kushuka. Hukandamiza ukuzaji mapema na taratibu, jambo linalomsumbua anayetaka unyoofu, yaani kinachotoka kiwe nakala kubwa ya kilichoingia. Na bei yake haisamehe makosa ya kuwasha.

Makosa gani ya kuwasha?

Transista nyingi za GaN hupitisha mkondo geti likiwa kwenye volti sifuri. Weka kwanza volteji hasi ya geti, kisha washa dreni, kisha pandisha geti polepole hadi mkondo wa kutulia unaoutaka, na mwisho kabisa ingiza nguvu ya redio. Wakati wa kuzima, fuata mpangilio huo kinyumenyume. Weka ukomo wa mkondo kwenye chanzo cha umeme kila mara, hata unapokuwa na haraka, na hasa unapokuwa na haraka.

Amplifaya yangu ina asilimia 65 kwenye nguvu kamili, lakini mnarani inaonyesha 25. Nani anadanganya?

Hakuna. Hili ndilo swali lililo kiini cha kazi yote. Mawimbi ya OFDM yanayotumiwa na 4G na 5G ni jumla ya vibebaji vingi vidogo, na mara chache vyote hupanda pamoja. Kilele hukaa desibeli 8 hadi 12 juu ya wastani. Amplifaya lazima iwe na uwezo wa kilele, lakini muda mwingi inafanya kazi kwenye wastani. Ufanisi wa daraja B hushuka kwa uwiano wa volteji: desibeli 6 chini ya kilele, 78.5 inakuwa 39, na desibeli 10 chini inakuwa 25. Daraja A huanguka vibaya zaidi, hadi asilimia 5 kwa desibeli 10. Kuunoa ufanisi wa kilele bila kugusa ule wa wastani ni kuchota maji kwa pakacha.

Hatua ya kwanza, iliyo rahisi, hufanyika kabla ya amplifaya: programu ya kukata vilele hupunguza tofauti kutoka desibeli 10 hadi takriban 7, kwa gharama ya upotoshaji mdogo unaovumilika. Hatua ya pili ni kubadilisha umbo la amplifaya yenyewe, na hapa jina la kwanza ni Doherty.

Amplifaya ya Doherty inafanyaje kazi?

William Doherty wa Bell Labs aliichapisha mwaka 1936 kwa ajili ya vituo vya redio vya AM, enzi za vali za redio, kabla ya transista, na leo ndiyo inayotumika zaidi katika minara ya simu. Ina transista mbili. Ya kwanza, ile kuu, hukaa daraja AB na kufanya kazi wakati wote. Ya pili, ya usaidizi, hukaa daraja C na kuamka pale tu wimbi linapopanda. Kati yao kuna njia ya robo wimbi inayopindua impidansi.

Fikiria kila transista inataka mzigo wa omu 50 kwenye nguvu kamili. Sehemu ya makutano huwekwa omu 25, ambazo hupatikana kutoka omu 50 za antena kwa robo wimbi yenye omu 35.4. Wimbi likiwa dogo, transista ya usaidizi imelala, na ile kuu, ikitazama kupitia njia ya robo wimbi ya omu 50, huiona 25 ikiwa 100. Kwa mzigo huo mara mbili, volteji yake hujaa ikiwa mkondo bado ni nusu, yaani desibeli 6 chini ya kilele, na amplifaya iliyojaa volteji ni amplifaya yenye ufanisi wake kamili. Wimbi likizidi kupanda, transista ya usaidizi huanza kusukuma mkondo kwenye makutano, mzigo unaoonwa na ile kuu hushuka taratibu kutoka 100 hadi 50, na mkondo wake unaendelea kukua huku volteji ikibaki palepale ilipojaa. Kwa hesabu, desibeli 6 chini ya kilele unapata 78.5 badala ya 39, na katikati ya safari ufanisi hauanguki chini ya takriban asilimia 70. Ukitumia transista ya usaidizi yenye ukubwa mara mbili ya ile kuu, kilele cha kwanza cha ufanisi husogea hadi desibeli 9.5 chini, ambako ndiko wastani wa OFDM unakokaa.

Kazi ngumu huanza baada ya nadharia. Transista iliyolala haiko wazi kabisa; kapasita yake huvuta nguvu kutoka kwenye makutano, na ni lazima uongeze kipande cha njia upande wake kitakachoizungusha impidansi hiyo hadi ionekane kubwa. Daraja C huchelewa kuamka na lina ukuzaji mdogo, kwa hiyo kugawa nguvu sawa kwa sawa huiacha ikiwa dhaifu pale inapohitajika, na wengi humpa msaidizi sehemu kubwa zaidi. Fezi za matawi mawili, yaani nafasi ya kila wimbi ndani ya mzunguko wake, lazima zikutane. Katika gigahezi 3.5, milimita moja ya njia kwenye RO4350B ni takriban nyuzi 7 za fezi, kwa hiyo mkasi unaweza kuokoa au kuharibu alasiri yako. Na njia ya robo wimbi ni robo wimbi katika masafa mamoja tu, jambo linalobana upana wa bendi.

Kuna njia nyingine zaidi ya Doherty?

Zipo, na mbili kati yake nazo ni za zamani. Henri Chireix alieleza mwaka 1935 namna ya kuunganisha amplifaya mbili zilizojaa na kudhibiti nguvu kwa kubadilisha fezi kati yao. Ugumu uko kwenye kiunganishi. Leonard Kahn mwaka 1952 alitenganisha bahasha ya wimbi na fezi yake, fezi ikapita kwenye amplifaya na bahasha ikapita kwenye chanzo cha umeme. Mjukuu wa wazo hilo ni ufuatiliaji wa bahasha, unaobadilisha volteji ya dreni kufuata wimbi, na ambao umeingia kwenye simu za mkononi. Kumbuka tu kwamba ufanisi huzidishana: chanzo chenye asilimia 80 na amplifaya yenye 60 ni 48 kwa jumla, na chanzo chenye kasi ya kufuata wimbi la megahezi 100 ni kigumu kukijenga.

Nikiongeza ufanisi, unyoofu utaharibika?

Kwa kawaida, ndiyo, kwa kuwa ufanisi hupatikana karibu na mahali ambapo amplifaya inaanza kujaa. Suluhisho lililozoeleka ni upotoshaji wa awali wa kidijitali: kompyuta hulipinda wimbi kinyume cha pindo la amplifaya ili jumla inyooke. Lakini kompyuta hiyo nayo inakula wati, na inahitaji kuona upana wa masafa ulio mara tatu hadi tano ya ule wa wimbi. Kwa amplifaya ya wati 40, wati chache za kompyuta hazionekani. Kwa kituo kidogo cha wati 1, zinaweza kumeza faida yote, na daftari la wati lisilokuwa na mstari wa kompyuta ni daftari la uongo.

Sina mtambo wa kuvuta mzigo, ule unaoijaribu transista kwa mizigo mingi na kupima kila mmoja. Nitapataje impidansi bora?

Mtambo huo ni ghali, lakini si sharti la kuanzia. Hesabu ya mzigo niliyoonyesha juu, pamoja na kuifuta kapasita ya dreni, hukufikisha karibu. Modeli ya mtengenezaji kwenye programu ya uigaji hukusogeza zaidi. Kilichobaki hufanyika kwa mkono: vipande vidogo vya foili ya shaba, vyenye ukubwa wa punje ya mtama hadi ya mahindi, unavisogeza juu ya njia ya kutokea kwa kijiti cha kuchokolea meno huku jicho likiwa kwenye ampea na kwenye kipimo cha nguvu. Kipande kinachopunguza mkondo bila kupunguza nguvu hulehemiwa hapohapo. Jitenge na miale, tumia nguvu ndogo wakati wa kusogeza, na usitumie kibano cha chuma.

Tarajia kwamba mahali penye nguvu kubwa na mahali penye ufanisi mkubwa si pamoja. Ufanisi hupenda mzigo wenye ukinzani mkubwa kidogo. Kuachia nusu desibeli ya nguvu ili kupata pointi kadhaa za ufanisi ni biashara ninayoikubali karibu kila mara.

Nimepima ufanisi wa asilimia 88. Nishangilie?

Subiri. Kipimo cha nguvu cha upana mkubwa hujumlisha hamoniki pamoja na wimbi lako, kwa hiyo weka kichujio au tumia spektra analaiza. Hakikisha pia kwamba amplifaya haijageuka osileta katika masafa mengine, kwa sababu nguvu hiyo nayo husomeka kama mafanikio. Kisha angalia atenueta, kifaa kinachopunguza nguvu kabla haijafika kwenye kipimo: kosa la desibeli 0.2 tu hubadilisha nguvu kwa karibu asilimia 5, na 57 inasomeka kuwa karibu 60. Pima atenueta yako kwenye masafa unayotumia, na uipime ikiwa ya moto.

Kosa la upande wa pili hutokea pia. Ukisoma volteji kwenye uso wa chanzo cha umeme badala ya kwenye dreni, nyaya zenye omu 0.1 zikibeba ampea 6 hula volti 0.6, na asilimia 2 za umeme unaoihesabia transista hazikuifikia kamwe. Mwenzangu mmoja aliikataa transista nzuri kwa sababu hiyo. Tuliigundua baadaye, tulipoguswa na ujoto wa waya mwekundu.

Nina amplifaya inayofanya kazi tayari. Nianze kugusa wapi?

Sahihisha kwanza vipimo, kwa kuwa kila uamuzi utakaofuata utategemea namba hizo. Kisha pima upotevu wa saketi ya kutokea peke yake, uangalie kapasita na viunganishi kwa kamera ya joto, na ubadilishe kinachowaka. Baada ya hapo sogeza bayasi na hamoniki ya pili, ukipima kwa wimbi halisi lenye vilele vyake, si kwa wimbi tulivu. Kama baada ya hayo ufanisi wa wastani bado ni nusu ya ule wa kilele, saketi iliyopo imefika mwisho wake, na muda unaotaka kuutumia kuipapasa utumie kuchora Doherty.